Kisu Kilichoachwa Kwenye Beseni la Mboga

Mume wangu alipokufa, ndugu zake walikuja kugawana vitu vyake kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Hiyo ni desturi, na mi siigombezi desturi. Nasimulia tu namna walivyoifuata. Walichukua baiskeli isiyo na mnyororo. Walichukua redio iliyokuwa haisemi mpaka uipige kofi. Walichukua kitanda wakaniachia godoro, kwa sababu marehemu alikuwa amefia juu ya godoro, na kitanda, walisema, hakikuwa na kosa. Walichukua viatu vyake vyote, na katika ukoo mzima hakuna hata mmoja mwenye mguu wa kujaza nusu ya kiatu kile.

Aliyeongoza kazi alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Jina lake nalijua, na la baba yake nalijua, na la fundi wa Kamina aliyemshonea suti ya ndoa nalijua pia. Siyaandiki, kwa sababu mpaka leo tunasalimiana kanisani. Alipita chumba kwa chumba akionyesha kwa kidole, na vijana wake wakibeba. Alipofika jikoni akasimama mlangoni. Kwetu, watu ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, vitu vya jikoni haviguswi. Sufuria, beseni, kinu, mwiko, kisu, hivyo ni vya mjane, na mwanaume akivitia mkononi watu watamcheka mpaka wajukuu wake waone haya.

Lakini macho hayana desturi. Akainama, akatoa kwenye beseni la lengalenga, mchicha wetu, lililokaa kando ya mlango, chombo nilichokuwa nikikatia mboga, akakigeuza.

"Hii nayo ni nini?"

Nikamwambia ni cha kaka yake, cha kazini. Akakitazama tena, cheusi, kina mafuta, jani limeshika kwenye makali. Akakirudisha kwenye beseni na kujifuta mkono kwenye shati la kaka yake, ambalo alikuwa amekwisha kulivaa.

"Hii ni ya lengalenga," akasema, mbele ya wazee wote wa ukoo. "Bintu bya mu jikoni ni bya mama. Hatukuje kuiba hapa."

Wazee wakatikisa vichwa, wakaona kweli huyu ni mtu wa haki. Maneno yale niliyaweka. Sikusoma sana, masista walinifikisha mwaka wa tatu tu, lakini neno likiingia kichwani mwangu halipati mlango wa kutokea.

Chombo chenyewe kilikuwa hivi. Fikiria mwezi uliokatwa nusu, wa chuma. Makali yako chini, kwenye mviringo. Juu, katikati ya mgongo, unasimama mpini wa mti mweusi, mnene, unaojaa kiganja, na shingoni mwa mpini kuna pete ya shaba ya manjano. Hukivuti kama kisu kingine. Unakisukuma na kukibembeza, kulia na kushoto, kama unayemlaza mtoto asiyetaka kulala.

Mume wangu alifanya kazi kwenye atelie, yaani karakana, ya ngozi ya kampuni ya mgodi, enzi zile kampuni ilipokuwa inalisha mji mzima. Walikata mikanda mirefu ya kuzungusha mashine, walikata vazi la mbele la watu wa tanuru, na siku za Jumamosi walishona matandiko ya farasi wa wazungu. Ndiyo, Kolwezi, mji wetu huu wa migodi, ilikuwa na farasi, tena waliokula vizuri kuliko sisi. Aliyemfundisha kazi alikuwa mzungu mmoja mzee, fundi wa ngozi, mtu wa kununa. Alipokuwa anarudi kwao kabisa, alimwachia mume wangu kile kisu. Alisema kilikuwa cha baba yake, na kwamba kilikata matandiko ya farasi kabla reli haijafika huku. Mwenyewe alikuwa na watoto wa kiume, lakini hakuna aliyetaka kunuka ngozi.

Mume wangu alikifunga katika kitambaa cha bluu, na jioni alikuwa akikinoa juu ya kipande cha ngozi, polepole, bila kusema na mtu. Nilikigusa mara moja tu nilipokuwa bibi arusi, nikakatia kamba ya gunia la makaa. Alininunia mpaka Jumapili. Atelie ilifungwa, miaka ikapita, naye bado alikuwa akikinoa. Halafu mikono ikaanza kumtetemeka. Siku moja akaja jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kuingia, akakiweka kando ya beseni langu.

"Chukua," akasema. "Mikono yangu inakataa. Kata nayo mboga, isilale."

Tangu siku ile nilikata lengalenga nyembamba kama uzi wa kushonea, na matembele, na kabeji ya Krismasi. Mama za parokia walikuwa wakija kuuliza nimepata wapi mkono ule. Nilikuwa nikiwaambia ni mazoezi.

Sasa niseme habari ya paa, maana bila paa hakuna hadithi. Nyumba yangu iko katika kambi ya zamani ya wafanyakazi. Mgodi unapasua mwamba karibu yetu, na kila wakipasua, msumari mmoja wa bati unatoka kidogo kuangalia kuna nini. Mabati yenyewe yalikuwa yametoboka kwa kutu kiasi kwamba mchana ungeweza kusali rozari kwa kufuata matundu ya mwanga. Mvua za mwaka uliotangulia nililala nimejikunja pembeni, beseni limekaa miguuni, na mjukuu wangu anayesoma chuo alihifadhi karatasi zake ndani ya sufuria yenye mfuniko. Ukuta wa nyuma ni wa matofali mabichi. Fundi aliugonga kwa kidole, akasikiliza kama daktari, akaniambia paa likibaki vile, ukuta hautavuka mvua nyingine.

Shemeji alikuwapo siku hiyo. Alikuwa akipita, alisema. Akaniambia nisihangaike, nyumba ikianguka nitahamia kwake, kuna chumba nyuma ya banda la kuku, na yeye ataangalia kiwanja changu. Maneno matamu. Lakini huyu ni negosian, ananunua mawe ya kobalti kwa wachimbaji na kuyauza kwenye depo, na katika mji wetu watu wanachimba mpaka chini ya vitanda vyao. Shemeji akitazama nyumba yangu haoni nyumba. Anaona kile kilicho chini yake. Nilijua kabisa: siku ukuta unaanguka, wachimbaji wake wataingia na majembe kabla mi sijamaliza kuokota sahani.

Basi nilitaka mabati, wala sikuwa na njia. Binti yangu ameolewa Lubudi, mume wake analima, wao wenyewe wanaezeka nyasi. Niliuza makaa ya Mutshatsha kwa vifungu barabarani, na makaa yalinipa chumvi na sabuni, paa hayakunipa.

Mjukuu wangu ndiye aliyeanza mambo, bila kujua. Alipiga picha lengalenga yangu ikiwa nusu imekatwa, kisu kimelala pembeni, akaiweka kwenye simu yake ili watu waione. Watu hawakusema neno juu ya lengalenga. Waliulizia kisu. Mmoja wao, mama wa Lubumbashi anayefanya biashara ya vitu vya kale, vinyago na ile misalaba ya shaba ya zamani, akaandika kwamba atakuja mwenyewe.

"Kambo," mjukuu akaniambia, maana wajukuu wa huku ndivyo wanavyotuita, "huyu mama anasema usiioshe hata kidogo."

Nilicheka. Nimeishi miaka yote hii, sijawahi kuona mtu anayefunga safari kumkataza mwanamke kuosha kitu.

Kolwezi habari haipandi gari, inafika kabla yako. Kesho yake shemeji alikuwa mlangoni, na mkate, na kopo la majarini. Mara ya mwisho aliponiletea mkate ni mimi niliyekuwa nimeulipia. Akakaa, akasifu afya yangu, akasifu mjukuu, akasifu hata kuta. Halafu akaomba kuona ile kisu ya kaka.

Nikamwonyesha. Safari hii hakujifuta mkono.

Lazima mjue namna mtu kama huyu anavyofikiri. Kwake yeye kitu hakina thamani mpaka kipimwe teneri, yaani kiasi cha kobalti au shaba kilichomo ndani ya jiwe. Kwenye depo wana mashine ya kupimia, iko kama bunduki. Wanalielekezea jiwe, wanabonyeza, namba inatoka. Shemeji ameishi na ile bunduki mpaka nadhani hata mke wake wa pili alimpima kwanza.

"Shemeji, usiuze ovyo," akaniambia. "Chuma ya bazungu ba zamani iko na kobalti mingi ndani. Huyo mama wa Lubumbashi anajua, njo maana anakimbia. Twende ku depo tuipime."

Nikakubali, kwa sharti kwamba kisu kinakwenda mikononi mwangu. Nilikifunga katika kile kitambaa cha bluu, nikakaa nyuma kwenye pikipiki yake kama bibi arusi mzee.

Depo ni uzio wa mabati, mizani, magunia, na foleni ya vijana wenye vumbi mpaka kwenye kope. Wametoka kila pembe ya Kongo, wanachimba mashimo ambayo ukichungulia unaona giza tu. Shemeji akaipita foleni yote kwa kupiga makofi mepesi na kusema samahani, samahani, tuko na mama muzee. Kijana mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake akanitazama nikifungua kitambaa.

"Kambo, wewe umechimba wapi?"

"Mu lengalenga," nikamjibu.

"Mushimo murefu?"

"Inategemea njaa ya batu ba nyumba."

Foleni nzima ikacheka, na yule kijana akasema siku moja nimwonyeshe lile shimo, maana la kwake limeingia maji.

Mpimaji akaelekeza bunduki kwenye chuma, akabonyeza. Akasema ni chuma. Shemeji akamwambia apime tena, mahali pengine. Chuma. Akapima ile pete ya shingoni, ikatoka shaba kidogo na kitu kingine ambacho hawanunui. Akakiweka kisu juu ya mizani, akaandika uzito, halafu, kwa mazoea tu, akapunguza uzito wa unyevu, kama wanavyopunguza kwa kila gunia la mawe.

"Kisu iko na unyevu?" nikamuuliza.

"Mama, byote biko na unyevu."

Bei aliyotaja isingeninunulia msumari wa bati. Shemeji akawaka. Akasema bunduki ile imeshushwa makusudi, kila mtu anajua wanazishusha. Foleni yote ikamuunga mkono, hata wale aliowapita, kwa sababu hilo ndilo jambo pekee ambalo Kolwezi nzima tunakubaliana. Tukaenda depo ya pili. Bunduki ya pale ilitoa namba ndogo zaidi. Njiani kurudi shemeji alinyamaza, na mimi nilidhani amekata tamaa. Nilisahau kwamba mtu wa namna ile akinyamaza anafanya hesabu.

Mawe yanayouzwa na udongo wake yanashusha bei. Kila negosian anajua hivyo. Kwanza unayapeleka mtoni, unayaosha, unayachagua, ndipo unakwenda depo. Sasa shemeji akaona kosa liko wapi. Hatukuwa tumeosha.

Asubuhi iliyofuata mi nilikuwa misa. Akaja nyumbani, akamwambia mjukuu wangu kwamba nimemtuma, akaingia jikoni kwangu kwa miguu yake miwili, yeye yule aliyesimama mlangoni kwa heshima ya desturi, akatoa kisu kwenye beseni. Niliporudi nilimkuta kwenye bomba la uani amechuchumaa, mikono ya shati imekunjwa, ana mchanga, ana sponji ya waya, na chupa ya asidi aliyoiomba sijui kwa nani huko kiwandani. Upande mmoja wa kisu uling'aa kama sahani ya fedha, mpya kabisa, mtupu, hauna uso.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Napandisha teneri," akasema. "Bado upande moja."

Nikakichukua kwa mpini. Sikupiga kelele. Nilisimama tu mbele yake, makali yakiwa chini, na mkono wangu, ambao umezoea, ukaanza wenyewe kukibembeza kulia na kushoto. Akakumbuka kwamba ana mtu anamsubiri mjini. Chupa aliiacha, nikamwagia shimo la panya.

Usiku huo mjukuu alilia, akasema ni kosa lake. Nikamwambia asijipe ukubwa, katika familia hii makosa yana wenyewe.

Yule mama wa Lubumbashi alifika na gari nyekundu kwa vumbi, ingawa chini ya vumbi hilo ilikuwa nyeupe. Alikaribia umri wangu. Alivaa miwani mbili, moja machoni na moja juu ya nywele, na kila alipotafuta ya pili alikuwa amesahau iko wapi. Sikumpa kisu mara moja. Nilimpa kiti, nikampa maji, nikamuuliza habari za njia, nikamuuliza za watoto. Naye alijibu yote bila haraka, nikaona huyu ni mnunuzi kweli. Wasiojua kununua ndio wanaoharakisha.

Nilipomwekea kisu mapajani, upande ulioelekea juu ulikuwa ule wa shemeji. Akafumba macho kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Mama, nani alifanya hivi?"

"Mwenye akili wa familia," nikasema.

Akakigeuza. Hapo uso wake ukabadilika. Upande ule ulikuwa mweusi kwa mafuta ya mawese, na moshi, na maji ya majani ya miaka mingi. Akautazama kwa miwani ya kwanza, akautazama kwa ya pili. Akanusa. Akaomba tone la mafuta na kitambaa laini, akasugua mahali padogo karibu na mpini, kwa ncha ya kidole, na hapo pakatokea alama iliyopigwa ndani ya chuma: ndege mdogo, na chini yake herufi, mkia wa moja umelika. Mi nilikuwa nimekata mboga juu ya ndege yule bila kumwona hata siku moja.

Akaniambia hiki ni kisu cha fundi wa matandiko ya farasi, cha kukatia ngozi nene kwa mviringo. Ile alama ya ndege ni ya karakana ya Ulaya iliyofungwa kabla mama yangu hajazaliwa; amekwisha kuona kingine chenye ndege huyo huyo, ndiyo maana picha ilimtoa nyumbani. Mpini haujabadilishwa, pete ni ile ile ya kwanza. Akaniambia wako watu huko wanaotafuta visu vya namna hii.

"Wanakatia nini?" nikauliza.

"Hawakati kitu, mama. Wanatundika ku ukuta, wanaangalia."

Akaendelea kusema kwamba ule weusi una jina, unaitwa patine, na wale watu wanaulipia ule weusi kuliko chuma chenyewe. Upande uliooshwa umeua sehemu ya bei, na kama ungeoshwa wote angegeuza gari. Mama mkwe wangu, apumzike, alinisema mpaka siku ya kufa kwake kwamba sisugui vyombo. Natamani angekaa kidogo, asikie kwamba uchafu wangu una jina la Kifaransa.

Akataja bei, kwa dola. Akatoa sababu ya kuipunguza, ule upande. Akataja nyingine.

"Mama," nikamwambia, "mi sitaki dola. Dola ikiingia mu hii nyumba, inaita bashemeji."

"Unataka nini basi?"

Nikamwonyesha juu. Yeye akainua kichwa, jua likamwangukia usoni kupitia matundu, vidoti vidoti. Nikamwambia nataka mabati, ya kutosha ukuta kwa ukuta, yale manene, siyo haya ya sasa yanayokunjika ukikohoa tu, na misumari yake, na kofia ya paa. Fundi wangu mwenyewe. Siku mabati yanapigwa msumari wa mwisho, ndipo kisu kinatoka.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akahesabu kwenye simu, akasema ni nyingi mno kwa kisu chenye upande mmoja. Sikubishana. Nikamwambia basi haidhuru, chakula lazima kipikwe. Nikakichukua mapajani mwake, nikavuta ubao, nikaweka fungu la lengalenga ambalo halijapukutwa mchanga, nikaanza kukata mbele yake. Mchanga ulikuwa ukilia chini ya makali. Yule ndege alikuwa akipanda na kushuka.

Alivumilia fungu moja. Nilipovuta la pili akanishika mkono.

"Acha, mama. Acha. Utapata na kofia ya paa."

"Na misumari?"

"Na misumari."

Mabati yalifika mchana ule ule kutoka duka la vyuma, na asubuhi fundi akapanda. Yeye mnunuzi alilala kwa masista, akarudi mapema, tukakaa uani bega kwa bega tukisikiliza nyundo, na tukazungumza vizuri kama watu wasio na biashara. Fundi aliposhuka nikaenda kukifunga kisu. Yule mama alikuwa amekuja na gazeti la kukifungia. Nikamwambia gazeti hapana. Nikatoa kile kitambaa cha bluu, kimetoboka pande zote, nikakifunga kama alivyokuwa akikifunga marehemu mwenyewe. Mume wangu aliniambia kisilale, na mi nilikuwa nakipeleka kulala ku ukuta wa mtu nisiyemjua. Juu ya jambo hilo sina neno la kumwambia tukikutana. Nitamwonyesha paa.

Gari la yule mama halijafika hata Likasi, njia ya kurudi Lubumbashi, shemeji akaja na wazee watatu wa ukoo, wamevaa makoti. Walileta hata viti vyao, kwa hiyo nikajua ni mkutano. Walikaa uani. Mawingu upande wa Lubudi yalikuwa meusi, lakini shemeji alikuwa na hotuba. Akasema chombo cha kazi ya mwanaume ni cha ukoo. Mjane analinda, hauzi. Bei ya kisu cha kaka yake igawanywe, na yeye, kwa kuwa ana huruma, atahakikisha mama anapata fungu lake.

Wazee wakatikisa vichwa. Vichwa vile vinatikisika kwa kila mtu.

Nikamuuliza mkubwa wao kama anakumbuka siku ya kugawana vitu. Akasema anakumbuka. Nikamuuliza shemeji alisema nini jikoni, ameshika kile kisu.

Mzee akafikiri. "Alisema ni ya lengalenga."

"Na tena?"

"Alisema bya mu jikoni ni bya mama."

Shemeji akasema siku ile alikuwa hajajua teneri yake. Mzee mmoja akakohoa kikohozi chenye kicheko ndani, akajifanya ni vumbi.

"Haidhuru," nikasema. "Mi sikatai. Ukoo iko na fungu yake, na mi sikukula hata senti. Iko pale juu." Nikawaonyesha paa. "Panda, shemeji, bandua bati yako, uende nayo. Ila mvua isikukute juu."

Wakainua vichwa wote wanne. Paa liling'aa. Hakuna aliyesogea, na tone la kwanza likamwangukia shemeji kwenye paji la uso. Likafuata la pili, halafu mvua ikamwagika yote, ile ya kwanza ya mwaka, ambayo haibishi hodi. Wazee wakanyanyua viti vyao na kukimbilia ndani kwangu.

Ndani palikuwa pakavu. Kelele ya mvua juu ya bati jipya ni kubwa, mtu hasikii hata mawazo yake. Shemeji alikuwa bado anahutubia. Niliona mdomo ukienda, kidole kikipanda, lakini hakuna neno lililofika kwa yeyote. Wazee walikuwa wanatazama mabati na kuutazama ukuta wa nyuma, na mmoja akaugusa kwa kiganja kuona kama unalowa. Haukulowa.

Nikapakua bukari, ugali wetu wa huku, na lengalenga. Nilikuwa nimeikata kwa kisu cha kawaida cha sokoni, na nilijua ilivyo. Mkubwa wao akatafuna muda mrefu, akatoa kitu mdomoni, akaniinamia sikioni akapaza sauti.

"Mama, mboga ya leo iko na bijiti."

"Kisu yake ilienda," nikamwambia. "Uulize ukoo."

Shemeji hakusikia. Alikuwa amenyamaza hatimaye, anakula, macho yake yako chini kwenye sakafu yangu, katikati ya miguu yake, anapima. Nikamwongezea bukari.